Damu ya Mbwa Isomwe kwa Viwango vya Mbwa: Tathmini ya Huduma ya Maabara katika Kliniki ya Mifugo Jijini Mbeya

Wafugaji wa mbwa wa Mbeya tumezoea kumtafuta daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na dawa ya kuogeshea dhidi ya kupe. Mbwa anapoanza kukohoa usiku, au anapochoka kabla ya kufika getini, wengi hununua dawa ya kifua katika duka la pembejeo za mifugo, na dawa isipofaa husema mbwa amezeeka. Ninayoiandikia tathmini hii ni kliniki ndogo ya mifugo iliyoko upande wa Soweto, hapahapa Mbeya, ambayo imeongeza huduma ya kupima kemia ya damu ya mbwa na paka. Nimeitumia kwa mbwa wangu wawili, mmoja mwenye ugonjwa wa moyo na mwingine aliyeugua mapafu, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuona jinsi huduma hiyohiyo inavyofanya kazi katika maradhi ambayo kwa macho ya mfugaji hufanana sana, kwa kuwa yote huleta kikohozi na kuhema. Sitaitaja kliniki kwa jina, kwa sababu ninachokipima ni namna kazi inavyofanyika, na msomaji wa Iringa, Njombe au Tunduma anaweza kudai mambo hayohayo kwa daktari aliye karibu naye.

Niseme msimamo wangu mapema. Mashine ya kupimia damu ni kitu cha kununuliwa, na mwenye fedha ataipata. Kinachoifanya huduma hii istahili fedha ya mfugaji ni kwamba majibu yanasomwa kwa viwango vya mbwa, yanasomwa pamoja na dawa ambazo mbwa amekwisha kupewa, na vipimo vinarudiwa kwa wakati unaofaa. Lolote kati ya hayo likikosekana, karatasi ya majibu inaweza kumpotosha daktari kuliko kukosa karatasi kabisa.

Hilo la viwango nalijua kwa uchungu. Popi, mbwa jike mdogo mweupe, chotara mwenye manyoya marefu na umri unaozidi miaka kumi, aliwahi kutolewa damu ikapelekwa katika maabara moja ya watu, kwa kuwa wakati ule hatukuwa na pengine pa kuipeleka. Majibu yalirudi yamechapwa vizuri, yakiwa na safu ya viwango vya kawaida pembeni, na viwango hivyo vilikuwa vya binadamu. Sodiamu ya Popi, yaani chumvi kuu ya damu, ilisomeka 138, na mbele yake pakaandikwa kuwa ni ya kawaida. Kwa binadamu ni kweli, kwa sababu kiwango chake ni takriban milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Mbwa mwenye afya huwa kati ya 140 na 155 hivi, kutegemea mashine inayotumika. Sodiamu ya Popi ilikuwa imeshuka, wala hakuna aliyeona, na kwa kuwa karatasi ilisema hakuna tatizo, tuliendelea kumnywesha dawa ya kifua.

Katika mbwa mwenye moyo unaoshindwa kazi, kushuka kwa sodiamu ni ishara nzito. Moyo unaposhindwa kusukuma damu ya kutosha, mwili hupokea taarifa ileile ambayo ungeipokea kama mbwa angekuwa amepoteza damu au maji. Hutoa homoni za kuzuia mkojo, huamsha kiu, na maji hubaki mwilini kwa wingi kuliko chumvi, hata sodiamu iliyomo katika damu ikazimuliwa. Mbwa wa namna hiyo hajapungukiwa na chumvi ya chakula. Amelemewa na maji. Mfugaji akiambiwa tu kwamba chumvi ya damu imeshuka, bila kuelezwa sababu, ataongeza chumvi kwenye ugali na mchuzi wa dagaa, na chumvi hiyo itavuta maji mengine zaidi mpaka mapafu yajae. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maabara inayopima damu ya mbwa kwa viwango vya binadamu haijampima mbwa huyo. Kosa hilo hutokea upande wa pili pia: mbwa mzima mwenye sodiamu ya 150 ataandikiwa kwamba iko juu, na mwenye mbwa atapewa wasiwasi usio na msingi.

Siku tuliyompeleka Popi Soweto alikuwa anahema huku amenyoosha shingo na kutanua viwiko, ufizi wake umepauka kuelekea rangi ya kijivu. Tulikwenda kwa bajaji. Aliposhushwa, kabla hajafikishwa mlangoni, alichutama nyasini, na msaidizi wa daktari, ambaye nilidhani ametoka tu kutupokea, alisukuma chini yake kibakuli cha plastiki chenye mpini mrefu na kukinga mkojo bila kumgusa. Wakati huo sikuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa na haraka kiasi hicho. Ndani, daktari alimwekea oksijeni kwanza, akamwacha atulie, kisha akaingiza kanula, kijibomba laini cha kupitishia dawa mshipani, mguuni. Kabla ya kuiunganisha na bomba la dawa, alivuta kupitia kanula hiyohiyo damu isiyozidi mililita mbili. Baada ya hapo ndipo sindano ya Lasix, dawa ya kukojoza, ikapigwa.

Mpangilio huo ndio uliotofautisha huduma hii na nyingine nilizowahi kuziona. Urea ya Popi, taka ambayo figo huitoa kwa mkojo, ilikuwa 19, ilhali kiwango cha juu cha mashine ile kilikuwa 9.6, na kreatinini, taka nyingine ya namna hiyo, ilikuwa 168 wakati kikomo chake ni 159. Ukizitazama namba hizo peke yake utasema figo zimekufa. Lakini mkojo uliokingwa nyasini ulipimwa ukolevu kwa kile kifaa cha mkononi kinachotazamwa kwa jicho moja kikielekezwa kwenye mwanga, ukasomeka 1.042. Mkojo wa mbwa unaozidi 1.030 huonyesha kwamba figo bado zina nguvu ya kubana maji. Maana yake ni kwamba figo za Popi zilikuwa hai ila zilikuwa zinapata damu kidogo, na kwa kuwa damu ilipita polepole, urea nyingi ilikuwa inarudishwa mwilini badala ya kutoka. Hii ndiyo sababu urea ilipanda maradufu huku kreatinini ikizidi kidogo tu.

Laiti mkojo ungechukuliwa saa moja baadaye, swali hilo lisingejibika siku hiyo, kwa kuwa Lasix huufanya mkojo uwe mwepesi hata kama figo ni nzima. Na jibu lake ndilo linaloamua matibabu. Mbwa mwenye urea ya juu kwa sababu ya ugonjwa wa figo huwekewa dripu. Mbwa mwenye urea ya juu kwa sababu ya moyo akiwekewa dripu hiyohiyo huzama kwa maji yaliyo ndani ya mapafu yake mwenyewe. Nimewahi kusikia wafugaji wakisimulia kwamba mbwa alikufa wakati akiwekewa maji, na wakahitimisha kwamba maji yalichelewa. Inawezekana katika baadhi ya visa hivyo ni maji yenyewe yaliyoua.

Uangalifu huo uliendelea hata katika kuijaza damu kwenye chupa. Msaidizi alijaza kwanza chupa yenye kifuniko cha kijani, ambayo ndiyo ya kemia, kisha akamalizia na ile ya zambarau, ya kuhesabia chembe za damu. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya zambarau ina potasiamu, na tone lake likiingia kwenye damu ya kemia litapandisha potasiamu kwa uongo na kushusha kalisi. Pia alitoa sindano kwenye bomba kabla ya kumimina, akamimina taratibu ukutani mwa chupa, ili chembe nyekundu zisipasuke. Hapa nilijifunza jambo lingine linalowatenganisha mbwa na sisi: chembe nyekundu za binadamu zimejaa potasiamu, kwa hiyo damu iliyopasuka hutoa potasiamu ya juu ya uongo, lakini chembe za mbwa wengi zina potasiamu kidogo, isipokuwa baadhi ya mbwa wenye asili ya Japani, kama Akita. Damu ilizungushwa kwenye mashine papo hapo na majimaji yake yakatenganishwa, kwa sababu ikiachwa ikae na chembe zake, sukari huendelea kuliwa na chembe hizo na majibu yataonyesha sukari iliyoshuka wakati mbwa hana shida hiyo. Kwa anayeleta damu kutoka Tukuyu au Chunya ikiwa imefungwa kwenye mfuko na kukaa nusu siku barabarani, hilo si jambo la kupuuza.

Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda pia. Daktari hakukimbilia kusema ini lina ugonjwa, aliniuliza, "Mama, katika wiki hizi Popi amepigwa sindano gani, na nani?" Nikamtajia sindano ya kikohozi ambayo tuliambiwa hutuliza kifua, na kwa maelezo yangu akatambua kwamba ilikuwa ya jamii ya steroidi. Mbwa ana aina yake ya kimeng'enya cha ALP ambayo huzalishwa kwa wingi anapopewa steroidi, na kwa hiyo ALP ya juu katika mbwa aliyedungwa steroidi kama deksamethasoni haimwambii daktari mengi kuhusu ini. ALT, kimeng'enya kingine cha ini, iliyopanda kidogo aliielezea kwa njia nyingine: damu inaporudi moyoni kwa shida husimama ndani ya ini, ini linavimba, na chembe zake zinavuja vimeng'enya. Alinionyesha mishipa ya shingo ya Popi iliyokuwa imejaa, ili nione kwa macho kile ambacho namba ilikuwa inakisema. Steroidi zenyewe, alisema, zinaweza kumsukuma mbwa mwenye moyo dhaifu kuingia katika hali mbaya zaidi. Natamani kila duka linalouza sindano hizo lingelazimika kuuliza kwanza kuhusu moyo.

Tumbo la Popi lilikuwa limejaa kidogo, na albumini yake, protini kuu ya damu, ilikuwa upande wa chini. Hapa daktari alifanya jambo ambalo katika mkoa wetu wenye kupe lina maana kubwa: alitandaza tone la damu kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini akitafuta dalili za homa za kupe, kwa sababu ugonjwa wa erlikia unaweza kushusha albumini na kupandisha globulini, kundi jingine la protini za damu, na ukichanganywa na moyo utapata karatasi ya majibu isiyosomeka. Aliniuliza pia kama Popi amewahi kuishi Kyela au pwani, ambako mbu ni wengi kuliko huku kwenye baridi, kwa sababu minyoo ya moyo huenezwa na mbu na hukaa katika mishipa inayokwenda kwenye mapafu. Hakuwahi.

Popi alirudi nyumbani akiwa na Lasix na dawa mbili za moyo, pimobendani na enalapili, pamoja na maelekezo ya kuhesabu pumzi zake akiwa usingizini: zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, apelekwe. Mimi mwenyewe nakiona kipimo hicho kuwa na thamani kuliko vifaa vingi, na hakina gharama. Lakini hesabu ya pumzi haiwezi kuonyesha kinachoendelea katika chumvi za damu, na hili ndilo eneo ambalo kliniki hii imenishawishi kabisa. Daktari alisisitiza damu irudiwe ndani ya wiki mbili, ingawa kwa macho yetu Popi alikuwa amepona, anakula, anabweka getini. Vipimo vya marudio vilionyesha urea imeshuka, sodiamu imerudi juu ya 140, ila potasiamu ilikuwa 3.2 dhidi ya kiwango cha chini cha 3.5, na kloridi imeshuka pamoja nayo. Lasix hutoa maji kwa kuyatoa pamoja na chumvi, na haichagui inazozitoa. Sodiamu, potasiamu, kloridi na magnesiamu zote hupita na mkojo. Misuli inayokosa potasiamu hulegea, na moyo ni msuli. Unaweza kuanza kupiga bila mpangilio, na mbwa anayetumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, akishuka potasiamu huwa karibu zaidi na sumu ya dawa hiyo ingawa dozi haijabadilika. Mbwa anayeonekana mzima anaweza kuanguka ghafla kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyeipima.

Majirani walinishauri nimpe ndizi, na ndizi za Tukuyu hazikosekani. Nilimfikishia daktari ushauri huo naye hakuubeza. Alikubali kwamba ndizi ina potasiamu, akaeleza kwamba mbwa wa uzito wa Popi angepaswa kula kiasi ambacho tumbo lake lisingekihimili, na kwamba chakula hakitoi uhakika wa dozi. Alipunguza Lasix kwa kuwa pumzi za usingizini ziliruhusu, akaongeza spironolaktoni, ambayo huzuia potasiamu isipotee. Kisha akatahadharisha kwamba enalapili na spironolaktoni zikiwa pamoja zinaweza kuipandisha potasiamu kupita kiasi, hasa figo zikichoka, na kwa hiyo damu itapimwa tena. Mtu asiyeelewa angeweza kufikiri kwamba anavutwa arudi alipe. Mimi naiona kuwa kazi halali kabisa, kwa kuwa dawa za moyo zinafanya kazi kwa kusogeza namba hizohizo, na anayetoa dawa bila kuzitazama namba hajui ameusogeza mwili mpaka wapi.

Kwa Simba, mbwa wetu wa ulinzi, chotara wa German Shepherd, mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonipa imani zaidi. Ilikuwa majira ya baridi, Simba alikuwa amehamia kulala katika jiko la kuni kwa sababu ya joto, akaanza kukohoa na kukataa chakula. Joto lake lilikuwa 40.3, wakati mbwa mzima haendi mbali zaidi ya 39.2. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumuuguza Popi, nilifika nikiwa nimekwisha kuamua kwamba ni moyo. Damu ilikataa. Sodiamu, potasiamu, urea na kreatinini zote zilikuwa mahali pake. Kilichobadilika kilikuwa albumini iliyoshuka kidogo huku globulini zikipanda, kwa sababu wakati wa uvimbe na maambukizi ini hupunguza kutengeneza albumini na kuelekeza nguvu kwenye protini za ulinzi. Moja ya protini hizo, CRP, ilisomeka 140 wakati mbwa mzima huwa chini ya 10 hivi. Maji ya mapafuni yatokanayo na moyo kwa kawaida hayaipandishi CRP kufikia hapo. Nimonia ya bakteria huipandisha. Picha ya eksirei, ambayo tulilazimika kuipigia kwingine, ilikubaliana na damu. Simba alipewa antibiotiki, na CRP ilipopimwa tena ilikuwa imeporomoka kabla hata kikohozi hakijaisha, jambo lililotusaidia kujua kwamba dawa imelenga. Ni muhimu kuongeza kwamba kipimo cha CRP lazima kiwe kimethibitishwa kwa mbwa, kwani si kila kile cha binadamu kinaitambua protini ya mbwa.

Kuhusu oksijeni, nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa kliniki imefanya jambo la akili ambalo sijaliona likijadiliwa. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la Dar es Salaam. Hewa ina sehemu ileile ya oksijeni, yaani asilimia 21, lakini inasukumwa kuingia kwenye damu kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo mbwa mzima wa Mbeya ana oksijeni ya damu iliyo chini kidogo ya yule wa pwani, naye hulipa pengo hilo kwa kuvuta pumzi zaidi, jambo ambalo hushusha pia kaboni dioksidi. Vitabu na mashine nyingi vimewekewa viwango vya usawa wa bahari. Daktari asiyeyazingatia hayo atamwona kila mbwa wa nyanda za juu kuwa mgonjwa wa mapafu, au, kwa kuzoea namba za chini, atampuuza aliye mgonjwa kweli. Katika kliniki hii kuna daftari ambamo wanaandika usomaji wa kifaa cha oksijeni, kile kinachobanwa ulimini au sikioni, kwa mbwa wazima wanaoletwa kwa chanjo. Simba aliposomwa, namba yake ililinganishwa na daftari hilo badala ya kulinganishwa na karatasi iliyokuja na kifaa. Ni kazi rahisi, haihitaji fedha, na ningependa kila kliniki kuanzia Makambako hadi Tunduma iige.

Ukosefu wa oksijeni wa muda mrefu huacha alama nyingine katika damu. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutoa homoni inayoamsha uzalishaji wa chembe nyekundu, na sehemu ya chembe katika damu, ambayo kwa mbwa huwa kati ya asilimia 37 na 55, hupanda. Damu ikishakuwa nzito hivyo moyo huisukuma kwa taabu, na upande wa kulia wa moyo, ule unaohudumia mapafu, ndio hulemewa kwanza. Lakini mbwa aliyepungukiwa maji kwa sababu ya Lasix naye hupandisha sehemu hiyo hiyo. Daktari huzitenganisha hali hizo kwa kutazama protini: zikipanda pamoja, mara nyingi ni upungufu wa maji, chembe zikipanda peke yake, atafutwe mhalifu kwenye mapafu au moyo.

Sasa mapungufu, na baadhi si madogo. Kliniki haina mashine ya kupima gesi za damu. Mashine yake ya chumvi inatoa bikaboneti, na hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu bikaboneti hupanda kwa mbwa anayetumia Lasix kwa wingi, na hupanda pia kwa mbwa ambaye mapafu yake yameshindwa kutoa kaboni dioksidi kwa muda mrefu. Wa kwanza anahitaji kupunguziwa dawa, wa pili anahitaji msaada wa kupumua, na namba ni moja. Daktari alikiri hilo waziwazi, nami nilimheshimu kwa hilo, lakini mfugaji mwenye mbwa wa mapafu sugu ajue kwamba huduma hapa inafika kikomo mapema kuliko kwa mbwa wa moyo.

Vilevile hakuna kipimo cha NT-proBNP, protini inayotolewa na kuta za moyo zinapovutwa, ambacho ndicho husaidia sana kuamua kama mbwa anayehema anasumbuliwa na moyo au mapafu. Sampuli zake zinahitaji kutunzwa katika ubaridi mfululizo, na safari ndefu si rafiki kwake. Ultrasaundi ya moyo pia haipo. Anayeihitaji hushauriwa afike hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako ni zaidi ya kilomita 600, safari ambayo mbwa mwenye maji mapafuni haiwezi. Silaumu kliniki binafsi kwa hili. Ila kanda inayofuga mbwa wengi hivi wa ulinzi, na ambayo mbwa wadogo wa ndani wanaongezeka mijini kila mwaka, inastahili walau sehemu moja yenye kifaa hicho, kwa kuwa damu inaonyesha madhara ya moyo kwenye viungo vingine na haionyeshi vali ipi inavuja.

Bei ni ya juu. Kipimo kamili cha kemia pamoja na chumvi kilinigharimu zaidi ya nilivyolipia chanjo za mbwa wangu wote kwa mwaka, na marudio, ingawa hayahusishi vipimo vyote, si ya bure. Ninachoshukuru ni kwamba kipimo kinaweza kugawanywa: kwa marudio ya Popi tulilipia urea, kreatinini na chumvi tu, bila kurudia vya ini ambavyo visingebadilisha uamuzi wowote. Umeme ukikatika, mashine husimama, na siku moja damu ya Simba ilisubiri ndani ya jokofu lenye barafu mpaka jenereta ilipowashwa. Waliitenganisha mapema, kwa hiyo haikuharibika, lakini mgonjwa wa dharura asingekuwa na muda huo. Mbwa na paka hungoja katika chumba kimoja, na kwa mbwa asiyeweza kupumua vizuri, paka aliye kwenye kikapu mita moja kutoka puani mwake ni msukosuko asiouhitaji. Karatasi ya majibu nayo hutoka kwenye mashine ikiwa na vifupisho vitupu. Daktari huieleza kwa mdomo kwa subira kubwa, lakini mfugaji akifika nyumbani nusu ya maelezo imeshapotea. Ningeomba waambatanishe ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye namba muhimu, dawa alizokuwa akitumia mbwa siku ya kipimo na tarehe ya kurudi.

Kwa mbwa anayekohoa wiki nzima au aliyeanza kuchoka njiani, na kwa mbwa yeyote anayetumia Lasix au enalapili ambaye damu yake haijatazamwa tangu alipoanza dawa, naipendekeza huduma hii bila kusita. Mbwa asile usiku wa kuamkia kipimo ili mafuta ya chakula yasiitie damu ukungu, lakini asinyimwe maji, hasa kama anatumia dawa ya kukojoza. Mwenye mbwa abebe pakiti za dawa zote alizompa, hata zile za dukani. Kama mbwa anahema sana, apige simu kabla ya kutoka nyumbani ili mtungi wa oksijeni uwe tayari, na asimpe Lasix iliyobaki kabatini kabla ya kuuliza, isipokuwa daktari mwenyewe amemwagiza.